Ukurasa Mweusi wa Fuko

Nakumbuka jioni ile tulipokuwa tunaishi Nyasubi, mwanangu, ulipogoma kulala kwa sababu ya fuko. Wewe huwezi kuikumbuka, ulikuwa bado unanyonya kidole. Lakini tangu uliponitumia picha za vitabu unavyotaka kumnunulia mjukuu wangu asomewe kabla ya kulala, vyote vipepeo na jua linalocheka, jioni ile imenirudia kichwani, na leo nimeona nikae nikusimulie.

Baba yako siku hizo alikuwa mchimbaji kule Kharumwa. Alikuwa anashuka kwa kamba kwenye duara, lile shimo refu la dhahabu, na nyumbani anakuja akipata nafasi. Mimi nilibaki na wewe kwenye chumba chetu cha kupanga. Nilikuwa mama kijana mwenye maringo yake, nimeapa mwanangu hatalala bila kusomewa. Sokoni nikakuta kitabu cha picha cha fuko, yule mnyama anayechimba chini ya mashamba ya viazi. Jalada lake lilikuwa zuri, nikakinunua bila hata kukifungua.

Tukapanda kitandani tukaanza. Fuko anaaga watoto wake, fuko anachimba, fuko anaingia. Nikafunua ukurasa unaofuata, na huo ulikuwa mweusi wote, macho mawili tu katikati. Ukautazama weee, kisha ukaniuliza, "Baba yuko humo?"

Nikakifunga kitabu. Nikakwambia fuko amelala, na wewe lala. Maana siku hizo kulikuwa na habari ya duara lililotitia huko machimboni, na sisi wake za wachimbaji tulikuwa tunaulizana kwa sauti ya chini bombani.

Kitabu nikakipandisha juu ya kabati. Nikakutafutia vingine, vya maua, vya watoto wanaokula keki. Hukuvitaka hata kidogo. Ukawa unalala kwa kushtuka, unaamka unalia, unauliza kama fuko ametoka. Na mimi nakujibu kwamba hakuna fuko, fuko hayupo. Ningejua maneno hayo yalivyokuwa yanakuingia, kana kwamba nasema baba hayupo, nisingeyasema.

Baba yako aliporudi, vumbi la machimbo bado liko kwenye nyusi, ulimkimbilia ukamwonyesha juu ya kabati. Nikamkonyeza akatae. Akajifanya haoni, unamjua mwenyewe. Akakishusha, akakaa mkekani, akakupakata, akasoma taratibu kwa Kiswahili chake cha kwao Didia, nusu Kisukuma, mpaka kwenye ukurasa mweusi. Ukajificha kwapani kwake. Hakufunua haraka. Aliuchukua mkono wako akauweka palepale kwenye weusi.

"Humu kuna giza kweli," akasema. "Na baba yako huwa anaingia kwenye giza kama hili. Lakini kuna kamba, na juu kuna mtu ameishika. Haya, funua mwenyewe."

Ukafunua. Fuko alikuwa mlangoni kwake na kiazi mdomoni, watoto wamemrukia. Mwanangu, hata mimi sikuwa nimewahi kuuona ukurasa ule. Ukacheka, ukarudi nyuma, ukafunua tena na tena, mpaka usingizi ukakuchukua kifuani pake.

Ndipo akaniambia, bila ukali wowote, "Mama Kabula, ulimwacha mtoto shimoni."

Nililia. Nililia kwa sababu nilijua kuwa tulikuwa wote wawili humo shimoni, na mimi ndiye niliyeogopa zaidi.

Jioni ya siku baba yako aliyorudi machimboni Kharumwa, ulikileta kitabu wewe mwenyewe. Tulipofika kwenye weusi ukaushika mkono wangu, ukauweka pale, ukanisubiri nifunue. Uchimbaji aliuacha zamani, kama ujuavyo, na sasa ni mkulima wa mpunga. Hivi ninavyokusimulia yuko kwenye kiti chake anajifanya amelala.

Basi nisikilize. Vitabu vya vipepeo mnunulie, havina ubaya. Lakini mumeo naye anashuka duarani huko Geita, na mtoto anajua hata kama hamjamwambia. Mtafutie na kitabu chenye giza lake. Kabla hujalipa, simama palepale dukani ukisome mpaka mwisho, uone kama aliyeingia anatoka. Kiwe cha lugha anayoelewa, usije ukawa mkalimani kitandani. Akikuuliza swali, usikifunge. Wala sikwambii umwahidi kwamba baba atarudi, hilo liko mikononi mwa Mungu. Mwambie habari ya kamba, na ya mtu aliyeishika.

Mungu amlinde mumeo huko chini, na huyo aliyeshika kamba juu naye amlinde. Na usiku utakapomsomea, mwanangu, mkono wako usisite ukifika kwenye ukurasa mweusi. Ukisita, mjukuu wangu akufunulie.