Simu Iliponituma Kumtembelea Mjukuu

Mjukuu wangu alipoingia chuo cha udaktari, nilitangaza mtaa wetu mzima wa Rebero. Sokoni nilitangaza, kanisani nilitangaza, hata msibani, kabla marehemu hajafukiwa vizuri. Nina haki. Mimi shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na huyu anapasua maiti na kuzitaja nyama zake kwa Kilatini.

Siku moja alikuja akachukua simu yangu.

"Bibi, chuoni wametupa programu ya kuangalia afya ya akili. Kila asubuhi inaniuliza nimeamkaje. Nikijibu vibaya siku kadhaa, inamtumia ujumbe mtu ninayemwamini. Nimekuweka wewe."

"Inakuuliza umeamkaje? Mimi nakuuliza hivyo tangu ulipokuwa unakojoa kitandani, na sikuhitaji mashine."

Alicheka. Nami nikavimba kichwa: kati ya watu wote, mimi.

Ujumbe ulikuja asubuhi nikichambua maharage. Niliusoma polepole, kidole chini ya kila neno. Mjukuu wako anapitia wakati mgumu. Mtembelee. Msikilize bila kumhukumu. Maharage niliyaacha hapo hapo.

Sasa, kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja, mikono mitupu, kama mpelelezi. Niliwaita akina mama wa kikundi cha maombi. Wakaja na uji kwenye chupa ya chai, maziwa, sufuria ya ndizi, na vitenge vyao vya Jumapili. Tukapanda basi mpaka Gisimenti, ambako amepanga chumba nyuma ya baa, tukaingia kwenye korido tunaimba. Wanafunzi wenzake wakachungulia, miswaki mdomoni.

"Nani amekufa?" mmoja akauliza.

"Hajafa mtu! Tumekuja kumwona daktari wetu!" akajibu mmoja wetu, kiongozi wa kwaya, kwa sauti ya kufukuzia mbuzi.

Mlango ukafunguka kidogo. Nywele hazijachanwa, macho mekundu. Akatazama kundi, akatazama sufuria, akanitazama mimi.

"Bibi. Nilikuweka wewe. Peke yako."

"Simu imesema nikutembelee."

"Ingia. Wao hapana."

Wageni wakaachwa nje na ndizi za moto! Aibu gani hiyo? Lakini niliyaona tena yale macho mekundu, nikanyamaza, jambo ambalo marehemu mume wangu aliliombea maisha yake yote asilipate.

Akaniambia. Amefeli mtihani. Usiku hapati usingizi. Nguo ameshafungasha, anataka kuacha chuo.

"Kufeli si kitu, Bibi, mtu anarudia. Ila kila nikishika kitabu nawasikia hao," akaonyesha mlango, "wananiita daktari. Umewafanya wote wanisubiri. Napumua kama mtu anayekimbizwa."

Ulimi wangu ulishaandaa hotuba: tulivyotoka ukimbizini Karagwe na magodoro kichwani, tulivyolala njaa, na yeye analia kwa ajili ya karatasi. Niliimeza. Ilishuka kama mfupa wa samaki.

"Unataka nifanye nini?"

"Waondoe. Usiwaambie kitu. Halafu unisindikize kwa mshauri wa chuo. Nimepangiwa leo, na naogopa kwenda peke yangu."

Nikatoka. Kiongozi wa kwaya akanidaka: "Ana nini? Malaria? Mimba?"

"Ana bibi mropokaji. Wekeni chakula hapo, mwende nyumbani. Na kuanzia leo mwiteni kwa jina lake la ubatizo."

Wakanuna. Wawili bado wamenuna hadi leo, na sufuria wameidai kwa ukali.

Mjukuu wangu alikunywa uji kidogo, akafunga kitambaa kichwani, tukapanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, hadi chuoni. Mshauri alikuwa kabinti kenye miwani, nilidhani kametumwa kufagia. Kakamwita mjukuu wangu, nami nikanyanyuka, nikashika mkoba.

"Hapa ubaki nje, Bibi," akasema mjukuu wangu.

Mimi! Niliyeingia vyumba vya kujifungulia vya binti zangu wote bila kubisha hodi! Nilifungua mdomo, nikaona anavyonitazama, nikaufunga. Nikakaa kwenye benchi.

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyepesi. Nikasikia kiti kikivutwa. Halafu sauti ya mjukuu wangu ikaanza, ndogo, inakwama, inaendelea. Nikanyanyuka, nikahamia mwisho wa benchi, upande wa mbali, nisije nikasikia.