Breki na Bingwa wa Opsheni

Wanafunzi wake walimwita Breki, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukikaa naye garini kidogo tu utamsikia: "Breki! Breki, mama, breki! Hayo ni mafuta hayo!" Alikuwa mwalimu wa udereva, mwenye gari moja dogo jeupe lililochubuka pembe zote nne, kibao cha L mbele na nyuma, na pedali ya pili ya breki upande wake wa abiria. Pedali hiyo ilikuwa imemwingia mpaka damuni. Hata akiwa kwenye kochi anatazama taarifa ya habari, mtangazaji akisema kwa kasi, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia.

Njia yake ilikuwa ileile miaka nenda rudi: kituo cha mafuta, mzunguko, sokoni, mlima wa hospitali, halafu kurudi. Jioni anaingia ndani, anakula, anajibu "mm", analala. Mkewe alikuwa msusi, saluni yake ni chumba cha mbele chenye viti viwili na kioo, na kazi yake ni maneno kutwa nzima. Sasa fikiria mwanamke wa maneno namna ile kuishi na mwanamume wa "mm". Alijikaza tu.

Ndipo likaja tangazo kwenye simu. Kijana wa suti ya samawati, ameegemea gari jeusi linalong'aa, anasema yeye ni Bingwa wa Opsheni, biashara ya kubashiri bei za soko la hisa, na kwamba kozi yake imewatoa watu matopeni. Siku ya kwanza ni bure. Breki akaenda ukumbini, akarudi amelipia daraja la kwanza.

"Wewe!" mkewe akang'aka. "Unamlipa mtu usiyemjua akufundishe kupata pesa?"

"Sikiliza mke wangu. Mtu akijifundisha gari mwenyewe anaishia wapi?"

"Ukutani."

"Ehee! Na pesa ni hivyohivyo. Lazima mwalimu."

Hapo alikuwa anasema kwa imani, maana kama walimu hawana faida basi na yeye angekula wapi? Na jamani, yule mtu alibadilika. Asubuhi anaamka anapiga mluzi, ananyoa ndevu, anamfuata mkewe saluni na kumweleza masomo huku wateja wakiwa na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Opsheni ni kama kishika nafasi cha ukumbi wa harusi," alifafanua, kitana mkononi. "Unatoa pesa kidogo leo, bei inabaki ileile. Siku ikifika, ukitaka unachukua ukumbi, usipotaka unaacha. Hakuna wa kukulazimisha."

"Na bibi harusi akikimbia?"

"Umepoteza kishika nafasi tu."

"Mwenye ukumbi kakila?"

"Kakila."

Msusi akafikiri kidogo. "Basi mimi nataka kuwa mwenye ukumbi."

Wateja wakavunjika mbavu. "Hiyo iko daraja la pili," Breki akajibu kwa heshima zote.

Na kasheshe ilikuwa hapo kwenye daraja la pili. Liliitwa Daraja la Dhahabu, na ada yake ilikuwa sawasawa na bei ya klachi mpya. Klachi ya gari jeupe ilikuwa imechoka, mlima wa hospitali inaupanda kwa kunung'unika, na ikikwea sana inatoa harufu ya kitu kilichoungua. Pesa ya klachi waliiweka pamoja, na mkewe ndiye aliyeishika kwenye simu yake.

"Klachi ikifa tutakula nini?" msusi aliuliza. "Opsheni?"

Wiki ile yote mluzi ukakatika, ndevu zikaota, na "mm" ikarudi mezani. Mkewe aliyaona yote hayo.

Siku ya Alhamisi akaja mwanafunzi mpya. Kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi, na anataka wapitie vichochoro tu. Breki akamwangalia mara moja, akamwangalia mara ya pili. Loh! Bingwa mwenyewe! Ukumbini walikuwa umati, kwa hiyo Bingwa hakumjua yeye, na Breki naye akanyamaza, moyo ukimdunda kwa furaha. Mwalimu wake amekuja kuwa mwanafunzi wake. Akajiambia huenda Bingwa akamwonea huruma akampunguzia ada.

"Gari hujawahi kushika kabisa?" Breki akauliza.

"Kabisa, mwalimu. Na wanafunzi wangu wameanza kunong'ona. Wanataka video nikiendesha."

Wakaenda. Bingwa aliendesha kama mtu anayebeba mayai kwa meno. Vichochoro vikaisha, barabara ikawatupa kwenye mlima wa hospitali, na katikati ya mlima gari likazima. Nyuma kulikuwa na lori la mchanga linalopiga honi mpaka vioo vinatetemeka. Gari likaanza kurudi. Breki akakanyaga breki yake, likasimama, lakini Bingwa alikuwa amekwisha fumba macho.

"Nitakufa! Mzee, nitakufa!"

"Hufi. Washa gari." Kisha, kwa kuwa alitaka kumtuliza kwa maneno mazuri, Breki akaongeza: "Mtu mwenye gari jeusi kama lako utaogopaje hili?"

"Si langu! La kukodi! Dereva wake tumemkata kwenye picha!"

Breki akageuka polepole. "Na opsheni je?"

"Niliacha zamani! Soko lilinimaliza, mzee, lilinibakiza na hii suti. Ninachouza ni kozi tu! Niondoe hapa!"

"Na Daraja la Dhahabu?"

"Ni lilelile la kwanza, nimebadilisha rangi tu! Kama una ndugu yako mwambie asilipe hata senti! Lori hilo, mzee, lori!"

Breki akamwelekeza taratibu, klachi ikanuka, gari likapanda. Aliumia, sitakuficha. Alikuwa ameingia mkenge mchana kweupe, na mdanganyifu wake ana jasho la kutisha na ameng'ang'ania usukani kama mtoto, hata kumchukia vizuri ikawa tabu. Lakini pesa ya klachi ilikuwa salama. Mke wake alikuwa na akili. Angekwenda kumwambia hivyo hivyo, kwa mdomo wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Akamkuta msusi amesimama mlangoni, anatabasamu mpaka gego la mwisho.

"Nimekulipia," akasema.

"Umenilipia nini?"

"Dhahabu yako. Pesa yote ya klachi, nimeituma mchana huu. Nenda kasome, baba."

Breki akakaa chini palepale kizingitini. Mguu wa kulia ukakanyaga hewa. Alitaka kunyamaza asimvunje moyo, lakini ataisomaje kozi ambayo ameisikia ikiungama mlimani? Akamwaga mtama wote: lori, suti, gari la kukodi, rangi.

Msusi alisikiliza hadi mwisho. Akashika kiuno. Breki akasubiri mvua ya maneno. Lakini mkewe akauliza swali moja tu: "Anarudi lini kujifunza?"

"Kesho asubuhi."

"Nitakaa nyuma."

Kesho yake Bingwa akashika usukani, akaona kwenye kioo mwanamke amekaa katikati ya kiti cha nyuma, mkoba mapajani.

"Hujambo, mwanangu," msusi akasema. "Mimi ndiye niliyekupigia jana kuuliza namba ya kutumia ada. Huyu hapa ndiye mwanafunzi wako wa dhahabu. Na nimesikia unataka video; leo nitakurekodi mimi, mlimani palepale."

Bingwa akamwangalia Breki, Breki akaangalia mlima. Kijasho chembamba kikamtoka Bingwa kabla hata gari halijawashwa. Akatoa simu, akabonyeza bonyeza, na simu ya msusi ikalia ndani ya mkoba. Pesa ya klachi imerudi yote.

"Na ile ya daraja la kwanza?" msusi akadai.

"Ile iache, mke wangu," Breki akasema. "Ile nilisoma."

Wakamfundisha hata hivyo, kwa sababu kijana alilipia somo na Breki hali pesa ya bure. Alipotelemka akiwa amelowa chapachapa, msusi akahamia mbele. Breki akabaki ameshika ufunguo bila kuwasha.

"Nieleze kitu kimoja. Wewe hukuiamini ile kozi hata siku moja. Kwa nini ulilipa?"

Mkewe akavuta mkanda, akaufunga, akatazama vidole vyake vyenye mafuta ya nywele.

"Ulivyokuwa unakaa kimya miaka yote ile, nilidhani umenichoka mimi," akasema. "Ulipoanza kupiga mluzi ndipo nikajua kumbe umechoka njia ileile tu. Nikaona hata kozi ikila pesa ya klachi, acha iile, mradi mluzi urudi."

Breki akataka kusema "mm." Akaizuia. Akawasha gari, akafika mzungukoni, na badala ya kwenda sokoni akakata kulia, barabara asiyoijua.

"Tunakwenda wapi?" msusi akauliza.

"Sijui," Breki akasema. "Endelea kuongea."