Miezi minane niliitikia jina la mama kwenye foleni ya posho

Salaam wakuu.

Mimi nasema tu, mjukuu wangu ndiye anayeandika. Makosa ya herufi mdaini yeye. Lakini haya yalinipata mimi, na chumvi sijaongeza.

Ilikuwa Bukavu, Wabelgiji bado wanatawala. Papa, baba yangu, alifanya kazi kwenye karakana, tukakaa kambi ya wafanyakazi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minne.

Papa alipenda kasiksi, ile pombe ya ndizi. Akilewa, anapiga. Siku moja maman, mama yetu, alichoka, akavuka ziwa kurudi kwao kisiwani Idjwi. Watoto tulikuwa wa baba, ndivyo ilivyokuwa kwetu, kwa hiyo tulibaki: mimi, Deo wa miaka saba, na Furaha aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya.

Sasa sikilizeni. Nyumba zile zilikuwa za wenye wake. Mwanamume asiye na mke alihamishiwa chumba cha makapera, watoto wakagawanywa kwa ndugu vijijini. Na kila Jumamosi asubuhi wake wenyewe walipanga foleni ya posho: unga, maharage, mawese. Karani anaita jina, mke anaitika "Présent", yaani nipo.

Papa alinitazama, akainamisha kichwa. Nikaelewa.

Nilivaa kitenge cha maman, nikafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, nikambeba Furaha mgongoni, nikapanga foleni mpaka karani akaita jina la maman.

"Nabintu!"

"Présent!"

Sauti ilitoka nzito, sijui niliitoa wapi.

Ikawa hivyo miezi minane. Kupika, kufua, kumvua papa viatu akianguka mlangoni. Shule niliacha, na iliniuma sana.

Kisha akaja karani mgeni. Akanikazia macho, mimi na Furaha mgongoni, Deo kando yangu.

"Wewe, uko mama ya hawa batoto kweli?"

Akilini nilimwona Deo tayari amepelekwa kwa ndugu huyu, Furaha kwa yule.

Nyuma yangu alisimama jirani yetu, mama mmoja ambaye hata salamu tulikuwa tunanyimana.

"Karani, andika! Nabintu ni huyu, siye bote tunamujua. Mutoto iko na njaa."

Foleni nzima: "Ni yeye!"

Karani akaandika.

Maman alirudi mwishoni mwa mvua. Furaha alimkimbia, akajificha kwenye kitenge changu. Maman aliketi chini akalia. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Hatukuwahi kuyazungumza.

Miaka mingi baadaye tulimzika maman. Katekista akasoma jina kaburini: "Nabintu."

Mdomo wangu ukaitika: "Présent."

Watu wote waligeuka. Deo, naye sasa ana mvi, akanishika mkono.

Nilichojifunza ni hiki: mtoto aliyebebeshwa nyumba hatakuomba msaada, anaogopa kujulikana. Usimngoje aombe. Simama nyuma yake, useme, "Ni yeye."

Na wewe, nani alisimama nyuma yako? Andika hapo chini, mjukuu atanisomea.