Mama Mkwe Alipotaka Kumjua Wainaina

Jumamosi asubuhi, na jua la Sydney limeshaanza kuchoma bati la banda la ndege. Avelina Kokushubira ameinamia meza ndefu, anakunja mwavuli mwekundu wa kurukia kutoka ndegeni. Kila kamba anaipitisha vidoleni, kila pindo analilaza kwa kiganja. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mama mkwe wake, mkoba kaupakata.

Bi Joyceline hatazami mwavuli. Anatazama wanaume.

"Huyu naye kazi yake nini?" anauliza, akimnyooshea kidevu kijana mwenye ndevu.

"Huyo ni rubani, Mama."

"Na yule anayechekacheka?"

Avelina, mzaliwa wa Bukoba, yumo katika kikosi kidogo cha zimamoto, bado cha majaribio, kilichopiga kambi pembezoni mwa jiji. Wakati wa kiangazi radi ikiwasha moto milimani, mahali pasipofikika kwa gari, wao hurushwa kwa miavuli wakiwa na mashoka na reki za chuma.

"Tukiuwahi ungali mdogo, tunauzima," anasema. "Ukishashika mlima mzima, hatuna letu pale."

Zamu maana yake ni kulala kambini. Akisharuka, simu haipatikani kwa siku kadhaa, na harudi nyumbani Minto, kitongoji cha Sydney, ila ananuka moshi, macho mekundu, hana hamu ya maneno.

Ukimya huo ndio ulioleta balaa. Mumewe Innocent, anayehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, hakuwahi kumshutumu usoni. Alianza tu kuuliza nani kamrudisha kwa gari. Baadaye akaacha kuuliza, ikawa "sawa" kwa kila jambo.

Mwezi uliopita mama yake akaja kutoka Bukoba, ati kumwona mjukuu. Wiki ya pili, wakiwa mezani, simu ya Avelina ikaita. Bi Joyceline akasoma jina kwenye kioo.

"Wainaina ni nani?"

Innocent hakuinua macho kwenye sahani yake.

"Nikajua hapo hapo kwamba hakuja kwa ajili ya mjukuu," Avelina anasema. "Na nikahisi aliyemwita ni mume wangu. Mpaka leo hajakiri. Basi nikamwambia, Mama, Jumamosi twende ukamwone."

Ndiyo hivyo amekuja. Bweni keshalikagua: kafunua mapazia, kauliza nani analala wapi, na mto wa Avelina kauinua akaunusa. Ulinuka moshi, akaurudisha.

Wainaina anatokea chumba cha cherehani, wanakoshonea miavuli iliyochanika. Ni mtu wa Nakuru, mwenye kipara, miwani inaning'inia shingoni. Yeye ndiye mkaguzi wa miavuli.

"Karibu, mathe."

"Wewe ndiye unayempigia simu mke wa mwanangu usiku?"



"Ndiyo, ni mimi," Wainaina anajibu. "Kila mtu nampigia kabla ya zamu. Nataka kusikia sauti yake. Mtu akiwa na homa, ama amegombana nyumbani, simwachi aruke. Akili ikiwa kwingine, mkono unakosea."

"Na huyu umeshawahi kumzuia?"

"Mwezi huu, mara mbili."

"Kwa nini?"

Wainaina anamtazama Avelina. Avelina anainamia kamba zake.

"Uliza nyumbani kwenu, mathe."

Bi Joyceline anafungua mkoba, anaufunga. King'ora kinalia.

Moto umeonekana kwenye makorongo ya magharibi. Avelina anavaa suti nene na kofia yenye wavu. Wainaina anaanza kumkagua mikanda, na mama mkwe anainuka, anakwenda kuuvuta mkanda wa kifuani.

"Huu umelegea."

"Haujalegea."

"Umelegea. Kagua tena."

Anakagua tena, mbele na nyuma, huku mama akiifuatilia mikono yake kama anayemchunga mwizi.

"Na mwavuli huu wa akiba kaukunja nani?"

"Mimi."

"Umewahi kukosea?"

"Bado."

"Bado!" Bi Joyceline anarudia, na neno lenyewe halimpendezi hata kidogo.

Wainaina anamgeukia Avelina. "Umetulia?"

"Nimetulia."

Anamkagua macho, kisha anampiga begani: nenda.

Bi Joyceline alikataa kurudishwa Minto. Alikaa karibu na redio mpaka sauti iliposema wote wametua salama. Ndipo akampigia mwanawe na kumfokea kwa Kihaya. "Sikuelewa hata neno moja," Wainaina anasema, "lakini nilimwonea huruma huyo jamaa."

Avelina alirudi baada ya siku mbili, moto ukiwa umezimwa. Nyumbani hapajatulia sawasawa. Innocent bado humtazama kwa jicho la pembeni anapoingia, ila sasa anauliza moto ulikuwa wapi, na jibu anangoja.

Mwezi ujao kambi itapokea familia za wafanyakazi, naye Innocent ameomba ruhusa kazini kwake ili aje. Avelina ameshamwombea nafasi ndani ya ndege.

"Nataka akae mlangoni, aone chini," anasema. "Akishaona, aniambie lililo moyoni mwake, liwe lolote."

Na akimwambia aache kazi?

"Nitamsikiliza mpaka amalize," anasema, akivuta mwavuli mwingine mezani. "Halafu Jumatatu nitakuja kazini."