Shayiri ya Bata

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, chumba chetu cha Sparkbrook, mjini Birmingham, kilinikera kuliko hata kazi ya kiwandani. Ukuta wa upande wa kitanda ulitoa maji, na mtoto alikohoa tangu Oktoba hadi Mei. Kwa hiyo mzungu mmoja mwenye shamba nje ya mji aliponiahidi nyumba ndogo, kavu, mke wangu alianza kufunga vyombo kwenye katoni siku hiyo hiyo.

Sharti lilikuwa moja. Alitaka bata mwitu watue kwenye bwawa lake, ili yeye na rafiki zake wawapige bunduki msimu wa uwindaji ukifunguliwa. Bata wakija, mimi ndiye mtunza bwawa, na nyumba ni yangu.

Kila wikendi nilipanda basi, nikavaa buti za mpira, nikapandikiza matete kwenye tope la baridi na kuziba mfereji ili maji yasipungue. Ukingoni nilipanda shayiri. Ikiiva, maji yapandishwe, bata wale. Kulima nafaka ili ndege wale! Mimi mtu wa mpunga wa Mto Tana, niliyekulia juu ya dungu shambani nikiamia ndege, nikiwafukuza kwa makelele na kombeo! Iliniudhi kila nilipoipalilia.

Shayiri ikastawi, maji yakapanda, bata hawakuja. Wiki tatu nilikodolea macho mbingu hadi shingo ikauma.

Siku ya kufungua msimu, mwenye shamba alikuja alfajiri na wageni wake, wakajificha kwenye matete. Mimi nilikuwa ng'ambo, nakagua mfereji. Ghafla likashuka kundi zima, likaanza kupukusa masuke. Masuke yangu! Sijui nilipandwa na nini. Nilitimua mbio majini, napiga ndoo kwa koleo: "Hooo! Tokaaa!" Bata wote wakaruka, wakapotea kabla hata bunduki moja haijalia.

Mwenye shamba hakunitukana, na afadhali angenitukana. "Umelima vizuri sana," alisema. "Lakini nilitaka waje." Nyumba akampa mwingine.

Mke wangu alinisubiri mlangoni.

"Haya bwana, bata wamekuja?"

"Wamekuja."

"Enhe?"

"Nimewaamia."

Naye alikulia dunguni. Alicheka hadi akashikilia mlango. Kisha mtoto akakohoa ndani, kicheko kikakatika, naye akaenda kutoa sufuria kwenye katoni.