Samaki Mwenye Jina Langu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyoanza kazi ya mpishi mkuu katika restora moja hapa Butembo. Mtu aliyepika chakula kilichonipa cheo hicho alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, ananimenyea viazi. Aliitwa Masika. Mimi nilimwita Yaya Masika, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri, na ndiye aliyenifundisha kushika kisu. Wewe unayeanza kazi ya jikoni mwaka huu, nataka habari hii uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa wengine.

Tulikuwa watatu jikoni. Kakule alikuwa na mikono myepesi kuliko sisi wote. Alimaliza kukata kuku wewe ukiwa bado unatafuta kisu. Masika, mtu wa kijijini Kipese, hakusomea upishi popote. Alijifunza kwa mama yake, kwenye moto wa kuni, na nadhani pua yake ilijua kwamba chumvi imepungua kabla hajaonja. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya hoteli, nina cheti, koti jeupe na kofia ndefu. Koti lile nililipiga pasi kila asubuhi, hata siku ya kusafisha masufuria.

Patron wetu, mwenye restora, alikuwa na desturi moja. Mgeni akifurahi, alipaswa kumwona aliyemfurahisha. Mkisikia ukumbini wanasema, "Mumwite mwenye alipika," aliyepika anafuta mikono, anakwenda mpaka mezani, anashukuriwa mbele ya watu. Masika alikuwa ameitwa mara nyingi. Alikwenda na kitenge chake chenye madoa ya mawese, na watu walimpenda hivyo hivyo.

Jumamosi moja zilikuja familia mbili zilizomaliza kupatana mahari. Masika alikuwa amepika samaki wa moshi kutoka ziwani, kwa mawese ya Beni na poireau ya Lubero, kile kitunguu kirefu cha majani. Sisi wengine tuliyatupa majani yake ya juu. Yeye aliyakata membamba, akayatia mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshatoka motoni. Hata leo nikipita sokoni penye poireau mbichi, narudi kwenye ua ule: moshi wa makaa machoni, Kakule anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti mbaya, na Masika anamwambia anyamaze asije akaharibu mchuzi.

Sauti ikatoka ukumbini. "Ni nani alipika hii samaki? Mumwite, tumushukuru!"

Masika alikuwa nje, anachota maji kwenye pipa. Mimi nilikuwa mlangoni na koti langu jeupe. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akaniona, akasimama.

"Ni weye? Kijana kama hivi? Kuja hapa!"

Neno la kumjibu lilikuwa fupi: hapana. Sikulisema. Nilijiambia kwamba nitasahihisha baadaye, watu wakishaondoka. Mzee akanishika mikono yote miwili, akasema, "Wasingya," yaani asante kwa Kinande chetu, na meza nzima ikapiga makofi. Nilipogeuka, Masika alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

Aliitua, akarudi jikoni. Patron, ambaye alikuwa amesikia makofi tu, hakuuliza kitu. Juma lile lile akanipa ukuu wa jiko, na kwenye kadi ya vyakula akaandika "Samaki ya Kambale". Kambale ni mimi; kwetu ni jina la mtu, si yule samaki wa matope.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya viazi.

"Chef," Masika akaniita kutoka kwenye kigoda, "hii viazi niikate namna gani? Kubwa ao kidogo?"

"Yaya, usinicheke."

"Sikucheki hapana. Minauliza chef wangu. Na ile samaki, utanifundisha siku gani?"

Kakule alicheka mpaka akakaa chini. Mwisho wa mwezi Masika alifunga vitu vyake, akaenda Beni.

Tangu hapo kila mmoja alishika njia yake. Kakule aliacha jiko, akaingia biashara ya viazi vya Lubero. Anasema hajuti, ila akimwona mtu anakata kuku vibaya, hujizuia asimnyang'anye kisu. Mimi nilipita hoteli kadhaa, nikafundisha vijana, nikastaafu. Masika alifungua kibanda cha meza tatu kule Bungulu, mtaa wa Beni. Habari zake nilizipata kwa madereva, waliokimbiza gari ili wafike kabla sufuria yake haijaisha.

Mwaka jana nilikwenda. Nilikula samaki yule yule, kisha nikamwambia binti yake, "Mumwite mwenye alipika." Masika akatoka, mvi kichwani, anafuta mikono. Nilisimama mbele ya wateja, nikamshika mikono yote miwili.

"Wasingya, Yaya. Ile samaki ya Butembo ilikuwa yako."

Akanitazama sana. "Kutoka Butembo mupaka hapa, hata mbuzi anafika kwa siku mbili. Weye ulipitia wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha akainama karibu na sikio langu. "Hapa ni batu yangu, banajua. Benye balikupigia makofi beko Butembo." Yaani watu wake walijua tayari; wa kuambiwa walikuwa wale walionipigia makofi Butembo.

Mwanangu, ukiitwa mezani kwa chakula ambacho hukupika, rudi ukamlete aliyepika, hata kama ana ndoo mkononi. Fanya hivyo saa ile ile, usiseme baadaye. Baadaye yangu ilikula ujana wote. Cheti chako kitunze, usikionee haya. Lakini usimdharau mwenye meza tatu ukidhani amebaki nyuma. Njia za kazi hii ni nyingi. Shika yoyote, mradi usiianze kwa shukrani ya mwenzako.

Mungu aibariki mikono yako, akupe pua kama ya Masika, na siku watakapokuita ukumbini uende ukiwa na moyo mweupe.

Yule mzee aliyenishika mikono alishakufa. Restora sasa inaendeshwa na binti wa patron. Nilimweleza yote, akasikiliza, akasema kadi hizi zikichakaa atachapisha nyingine. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilipita kuangalia. Bado imeandikwa Samaki ya Kambale.