Migomba Tisa kwa Dishi Moja

Mama mkubwa Hilaria hakuwa mtu wa kununua kitu kwa pupa. Akitaka ng'ombe, hakuzungumza na mwenye ng'ombe, alizungumza na mke wa mwenye ng'ombe, maana mwanamume, alisema, anajua bei tu. Anayejua kama ng'ombe anapiga teke ni yule anayemkamua. Kwa hiyo mwaka ule wa 2002, aliponiambia nimsindikize Moshi mjini kununua chombo cha kunasia televisheni, nilivaa viatu vya raba nikala na kushiba kabisa. Nilijua tutashinda huko.

Televisheni yenyewe alikuwa nayo. Binti yake, Victoria, aliileta kutoka Dar alipokuja Krismasi, ikakaa sebuleni miezi miwili imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake sanamu ya Bikira Maria. Aliyefanya ifunuliwe ni mume wa mama mkubwa.

Bamkubwa Basili alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Siku sita yuko juu, siku mbili yuko nyumbani amelala, kisha anapanda tena. Wazungu wamekunywa supu yake zaidi kuliko mkewe. Magoti yalipogoma akaacha kazi, na mama mkubwa akafurahi waziwazi, akaniambia mimi, mwalimu wa watu ninayeishi ng'ambo tu ya mfereji, kwamba sasa ndiyo ndoa inaanza. Ilianza, ikadumu wiki tatu. Ndipo Elisifa, mwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, pale njia panda, akanunua televisheni. Tangu siku hiyo kila ikikaribia saa kumi na mbili jioni bamkubwa anavaa koti, anasema, "Naenda kuangalia habari mara moja," na anarudi chakula kimeshaganda.

"Mlima nilikuwa siuwezi," mama mkubwa aliniambia njiani. "Lakini Elisifa namuweza."

Dukani tulimkuta fundi Julius, kijana mpole mwenye bisibisi sikioni. Akatueleza vizuri tu. Kuna antena, ya kupachika juu ya mlingoti: inashika stesheni mbili za Kiswahili, ila huku kwetu milimani zinakuja na chenga. Na kuna dishi, linalotazama setilaiti: stesheni sitini, picha safi, na hulipii kitu kila mwezi. Zote ni za bure, mama, chagua mwenyewe.

Mama mkubwa akazunguka duka zima. Akagonga dishi kwa kidole kama anayechagua nazi. Akauliza kutu. Akauliza radi. Akauliza kama Julius ana mke, na mke anatumia kipi. Mwisho akauliza alichokuja kuuliza:

"Kipi hapa kinamkalisha mwanamume nyumbani kwake?"

Julius akakuna kichwa. "Mama, stesheni mbili mtu anazimaliza. Sitini hazimaliziki."

Basi, dishi likapanda kwetu Kilema.

Jumamosi Julius akaja nalo, bonge la dishi la wavu, akachimba shimo la nguzo uani, akatazama juu, akasikitika. Dishi linataka kuona anga bila kitu mbele, na mbele yake ilisimama migomba. Akamfuata bamkubwa, aliyekuwa kivulini anapogoa mibuni, akamwomba ruhusa ya kukata michache.

Bamkubwa akacheka mpaka akashika goti. "Kijana, wewe si wa huku? Mimi nina mamlaka na kahawa. Migomba ni ya mama. Mimi hata jani la kufunikia chungu naomba."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamume anaweza kuwa mwenyekiti wa kijiji, lakini akikata mkungu bila kumwuliza mkewe, atajieleza mpaka kwa katekista. Julius akabaki anamtazama mama mkubwa. Mama mkubwa naye anaitazama migomba. Nilidhani atarudisha dishi dukani. Badala yake aliingia jikoni akatoka na panga.

Alikata tisa. Hakumpa mtu panga. Wa saba ulikuwa wa shina alilolipanda mwaka aliojifungua Victoria. Pale alisimama kidogo, akafuta uso kwa kanga, akapiga. Mimi nililia. Nilimwona ana wazimu, na nilimwonea wivu pia, maana sijawahi kumpenda mtu kiasi cha migomba tisa.

Picha ikaja, safi kweli. Ungeweza kuhesabu ndevu za mtu.

Jioni ya kwanza bamkubwa hakuvaa koti. Mama mkubwa alivaa kitenge cha kwendea misa, akaketi kando yake, nami nikaketi nyuma yao nione ndoa inaanza. Tukaangalia Waarabu wakishindanisha ngamia. Tukaangalia Wahindi wakilia. Tukaangalia Mfaransa akipika kitu, bamkubwa akasogea mbele kwa uchungu wa taaluma, akaona chumvi inavyotiwa, akarudi nyuma. Stesheni sitini, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno la kwetu. Jioni ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu wamekaa saa mbili nzima, bega kwa bega, na walichoongea ni "Badilisha" na "Nimebadilisha."

Jioni ya nne bamkubwa akavaa koti.

Mama mkubwa alibaki anaangalia ngamia peke yake. Nilimsalimu, "Shikamoo mama mkubwa," akaitikia bila kugeuka. Uani yamelala magogo ya migomba yake. Nikaondoa vyombo.

Kosa la kukata migomba tisa siku moja linajulikana baadaye. Ile michanga ng'ombe walikula, mingine mitano ilikuwa ya ndizi za mbege, na mikungu yake iliyokomaa iliiva yote kwa pamoja. Nyumba nzima ikanukia. Hakuna familia inayoweza kula ndizi zote hizo, wala huwezi kuzitupa bila mama yako aliyekufa kukujia ndotoni. Kilichobaki ni kupika mbege. Mama mkubwa akachipuza ulezi, na alipotafuta pa kuuanikia, macho yakaangukia dishi. Wavu mzuri, limetazama juu, jua linaliangukia mchana kutwa. Akatandika kanga akamwaga ulezi humo. Ngamia wakapotea, hakuna aliyewauliza.

Siku ya kusaga ulezi aliniambia, "Twende kwa Elisifa. Nataka kuona hiyo televisheni yake ina nini."

Tulisimama nje, kwenye dirisha. Televisheni ya Elisifa ilikuwa ndogo kuliko yetu, ina antena, na chenga zake zilikuwa za kutosha kuezeka nyumba. Msomaji wa habari alionekana kama mtu aliyenyeshewa na unga. Akisema maneno matatu, la nne linamezwa. Na kila neno lilipomezwa, wanaume wote kumi na wawili waliinuka.

"Kasema daraja!"

"Kasema Dodoma!"

"Wewe Jacob masikio uliyaacha seminari!"

Katikati yao amesimama bamkubwa Basili, kata ya mbege mkononi, anawafafanulia nchi inavyokwenda. Anabisha, anabishiwa, anacheka. Mama mkubwa alimtazama muda mrefu.

"Kumbe anaongea hivi," alisema. Alikuwa ameumia, na hakuficha. "Miaka thelathini na moja. Sikujua ana maneno mengi hivi."

"Ni mbege, mama mkubwa."

"Si mbege. Mbege hata nyumbani anakunywa." Akaangalia tena. "Hawaoni vizuri. Ndiyo maana wanaulizana."

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kwa Julius. Julius alidhani dishi limeharibika. Mama mkubwa akamwambia halijaharibika, linaanika vizuri sana, ila anataka antena.

"Mama, unatoka stesheni sitini kwenda mbili? Zenye chenga?"

"Hizo hizo. Na chenga usizipunguze."

Mlingoti ukasimama juu ya migomba, na safari hii haukukatwa hata mmoja. Jumamosi mbege ikaiva. Kwetu mbege ikiiva haina kadi ya mwaliko, upepo unatosha. Wakaja wote, Jacob mbele, hata Elisifa alifunga kilabu akaja, akaonja, akasema imekolea ulezi, na kwa mshindani hilo ni pongezi kubwa.

Saa mbili kamili habari ikaanza. Kuna kiongozi fulani alikuwa anasema kuhusu wakulima wa kahawa, kwamba bei imeanguka na sasa wa... chenga. Wanaruhusiwa? Wanakatazwa? Sebule ikalipuka. Jacob akaapa wameruhusiwa kung'oa mibuni wapande nyanya. Bamkubwa akasema mbuni wa baba yake haung'olewi na mtu wa kwenye kioo. Kila mtu akawa na lake. Mama mkubwa alikuwa anapita katikati yao na kata, anajaza, kimya, kama mke anavyopita.

Bamkubwa alikuwa anabanwa. Wawili wanambishia pamoja. Akageuka kutafuta mtu wa upande wake, macho yakamfikia mkewe.

"Mama Viki. Wewe unaonaje?"

Alisimama. Akamkabidhi Elisifa kata, akavuta kigoda, akakaa katikati ya wanaume, akapanga kanga magotini.

"Naona wote mnakosea," alisema, "na wewe Baba Viki ndiye unayekosea zaidi."

Akaanza. Habari ikaisha, michezo ikaisha, hali ya hewa ikaisha, yeye bado. Alikuwa na maoni kuhusu kahawa tangu mwaka waliooana. Bamkubwa alijaribu kumkatiza mara mbili, mara ya tatu akaacha, akakaa mdomo wazi, anamsikiliza kama vile ameletewa mgeni.

Jumapili mbege ilikwisha, na hakuna mtu aliyekuja tena. Jumatatu jioni nilivuka mfereji na daftari za wanafunzi, nikasikia kelele sebuleni. Nikakimbia, nikijua wameshagombana.

"Kasema Mbeya!"

"Kasema Mbulu, Baba Viki, fungua masikio!"

"Haya, kama ni Mbulu, niambie huko wanalima nini?"

Nilikuwa nimeinua mkono kubisha hodi. Niliushusha, nikarudi kwangu kusahihisha daftari.